Umemwaga Oili?

Nyumbani kwetu Nengo, huku Rwanda, tunaongea Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda changu kinachechemea. Mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na mume wangu alikulia Goma, hapo ng'ambo ya mpaka. Watu wakisikia hivyo wanasema, basi nyie mna bahati, mna lugha moja. Lugha moja! Waje wakae kwetu siku moja tu wajionee. Mimi nikisema spana, baba mkwe anasema kle. Nikisema jeki, yeye anasema kriki. Nikimwomba mafuta ya lori, namaanisha dizeli, ananiletea oili, kwa kuwa kwake dizeli ni mazutu. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, nusu ya mambo sijui nimekubali nini.

Lori lenyewe ni dogo, la kubebea viazi. Ninaliendesha mimi. Napanda Mudende, siku nyingine Busasamana, napakia kwa wakulima, nashusha sokoni mjini. Mume wangu ni mtu wa ofisi. Ukimwonyesha nati iliyolegea anakwambia pole, anarudi ndani. Simlaumu, ndivyo alivyo.

Aliyenifundisha kulitunza ni baba yake. Mzee huyo aliendesha malori makubwa huko Kongo, kwenye barabara ambazo akianza kukusimulia unatamani uteremke. Yeye na familia yake waliporudi Rwanda alikuwa ameuchoka usukani, lakini mikono yake haikukubali kukaa bure. Siku moja gereji fulani ilitubadilishia oili, wakaacha nati ya chini haijakazwa. Nilirudi nayo nyumbani huku inadondoka njia nzima. Mzee akatoka, akaangalia ile michirizi mpaka langoni, akakunja mikono ya shati.

"Bon," akasema. "Kamio hii haitaenda tena kwa batu. Vidange tutafanya hapa ku nyumba, mi na we."

Kamio ni lori, na vidange ndiyo hiyo kazi ya kubadilisha oili. Nikajifunza. Unawasha kwanza injini ipate joto, oili iwe nyepesi. Unaingia chini na karai, unalegeza nati, halafu unatoa mkono mbio kabla hujaungua. Unaiacha ishuke hadi tone la mwisho, na hapo baba mkwe haruhusu haraka; anachuchumaa kwenye yale mawe meusi ya volkano yaliyojaa uwani kwetu, anaangalia matone, anasimulia. Chujio jipya unalipaka oili kwenye mpira wake kwa kidole, unalifunga kwa mkono, sio kwa nguvu za hasira. Hilo la hasira alilisema kwa ajili yangu. Mwisho unamimina oili mpya kwa juu. Oili chafu tunaiweka kwenye dumu, jirani anaichukua kupaka nguzo za ua wake ili mchwa wasizile.

Na ufunguo ulikuwa wake. Nataka hili lieleweke vizuri. Jioni nikirudi nilimkabidhi, akautia mfuko wa shati, akaugusa kwa nje kuhakikisha umo. Asubuhi aliamka kabla yangu, akapima oili, akapima maji, akagonga matairi kwa kiatu, akawasha. Nikitoka na chai mkononi nakuta lori linanguruma na yeye amesimama pembeni na kofia yake. "Iko tayari," anasema. Kazi nyingine yoyote hakuwa nayo, na wala hakutaka nyingine.

Sasa mwaka huu mambo yakaanza kunichanganya. Mara aniite jina la binti yake. Mara aulize saa nane mchana kama tumeshakula, na sahani yake bado iko mezani. Siku moja kle ya namba kumi na saba tukaikuta kwenye banda la kuku. Nikajiambia, jamani, na mimi je? Mimi mwenyewe nimewahi kutafuta simu huku naongea nayo. Mzee amechoka tu, nikasema. Kesho yake anakusimulia tairi lililopasuka kabla mume wangu hajazaliwa, anakutajia mpaka rangi ya shati la utingo. Nikabaki sielewi. Leo namwona mzima kabisa, kesho namtazama nashindwa kusema.

Wifi yangu yeye hakuwa na shaka hata chembe. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mtumishi wa serikali, mtu wa mwavuli hata jua likiwaka. Alikuja akaketi sebuleni na mkoba wake mapajani.

"Papa iko anapotea kichwa," akasema. "Fungulo ya kamio itoke kwake. Siku moja ataiwasha, ataisahau, itateremka mpaka mu ziwa pale chini na mutu ndani."

"Wifi," nikamwambia, "ukimnyang'anya ule ufunguo, atakaa kwenye kile kiti mpaka tumzike."

"Donc we ni munganga?"

Hapo nikapandwa. Nikamwambia mimi si mganga wala daktari, lakini ndiye ninayeshinda naye chini ya lori huku yeye akija na keki siku za sikukuu. Mume wangu akaanza kukohoa, kawaida yake maneno yakiwa makali. Mwisho yeye ndiye akatoa wazo: tusubiri. Mzee akikosea kitu kimoja cha kweli, cha kuonekana, kwenye lori lenyewe, atoe ufunguo. Asipokosea, dada yake anyamaze. Nikasema sawa. Tena nilisema kwa jeuri, kwa sababu kwenye lori mzee hajawahi kukosea.

Ikafika Jumamosi ya umuganda. Siku hizo asubuhi magari hayatembei, watu wako kwenye usafi wa mtaa, kwa hiyo sisi tumezoea kufanya vidange mchana wake. Mume wangu alibaki kwenye mkutano wa mtaa, mimi na baba mkwe tukaingia chini. Nati ikafunguka vizuri, oili ikaanza kushuka nyeusi tii. Mara simu. Mnunuzi wangu wa sokoni analalamika kwamba viazi nilivyomshushia jana vimechanganywa, vidogo na vikubwa, niende nikaone mwenyewe. Nikamwambia baba, endelea, narudi.

"Ntakibazo," akasema, yaani hakuna shida. "Enda."

Huko sokoni niligombana mpaka sauti ikakauka, nikapata haki yangu, nikarudi kwa pikipiki. Nakuta uwani kumetulia. Karai limefutwa, limeegemezwa ukutani. Vyombo vimo kwenye sanduku lake. Dumu la oili chafu liko langoni likimsubiri jirani. Mzee ameshanawa, amevaa shati safi, amekaa kwenye kiti chake chini ya paa la jiko.

"Baba, umemwaga oili?"

"Nilimwaga, mukazana." Ndivyo anavyoniita, mkwe wake.

"Yote?"

"Yote."

"Asante, baba. Mungu akubariki."

Akanipa ufunguo, maana nilikuwa nataka kurudi na lori sokoni nikachukue vile viazi vidogo nivipeleke kwingine. Nikapanda, nikawasha. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Sikushtuka. Ukitoka kubadilisha oili taa hiyo huchelewa kidogo kuzima, oili inakuwa bado inapanda. Nikasubiri. Haikuzima. Nikasema, ah, na hii nayo, inadanganya siku hizi, waya wake una ugonjwa. Nikaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea langoni. Ndipo nikausikia mlio. Ulikuwa mlio mkavu, ko ko ko ko, unaotoka ndani kabisa. Nikazima palepale, lori limeziba lango, nusu ndani nusu barabarani.

Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu. Nikakifuta kwa kitenge changu, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Kikavu! Nikajilaza chini kutazama. Nati imekazwa, safi. Chujio ni jipya, limefungwa kama alivyonifundisha. Kwenye mawe hakuna hata tone. Sasa oili imekwenda wapi? Imevuka mpaka? Nikakaa pale kwenye vumbi nimeshika kile kijiti, kichwa kinazunguka. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kasoro chenyewe.

Nikaenda stoo. Galoni jipya la oili liko palepale nilipoliweka asubuhi, mfuniko haujaguswa.

Nikatoka nalo mikononi. Baba alikuwa amesimama, alisikia ule mlio kabla yangu, nina hakika. Akaliangalia galoni. Akaliangalia muda mrefu. "Ayiwe," ole wangu, akasema polepole, na hilo tu. Na mume wangu naye, kwa bahati yangu mbaya, ndiyo kwanza anatoka mkutanoni na koleo begani, amesimama nyuma ya lori hawezi kupita.

"Kuna nini?" akauliza.

Sikuwa na la kumficha. Tukatia oili wote watatu. Nikawasha, injini ikalalamika, ikakohoa, ikakubali. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Kalibakia kamlio kadogo kwa juu ambako kapo mpaka leo, lakini lori lilipona. Baba akachukua ufunguo, akautia mfukoni. Hakuugusa kwa nje.

Mume wangu akaingia ndani, nikasikia anapiga simu. Nikamfuata nimewaka.

"Unampigia nani?"

"Dada."

"Hata oili haijapoa, ushampigia dada!"

"Tulipatana," akasema. "We mwenyewe ulisema sawa."

Ni kweli nilisema. Nikanywea. Nikaenda jikoni nikachambua maharagwe kwa fujo, mazuri nikayatupa, mabovu nikayaacha. Nilimhurumia mzee, na nilimkasirikia pia. Anawezaje kunitazama usoni na kusema yote, yote, na galoni liko stoo limefungwa? Hajawahi kunidanganya. Basi amesahau. Lakini mtu aliyesahau anakaza nati vile? Anaosha karai? Nikawa naenda mbele narudi nyuma, sipati pa kushika.

Wifi alikuja Jumapili baada ya misa, na mwavuli wake. Tukaketi sebuleni wote. Baba yuko kwenye kiti chake, kofia magotini, mkono mmoja kifuani juu ya ule mfuko. Hakuna aliyemtazama sawasawa. Chai ilimiminwa, ikapoa.

"Bon," wifi akaanza. Naye alikuwa na huruma, niseme haki. "Papa, tunakuheshimu. Lakini motere ya kamio nusura ikufe. Mwanamuke huyu anaendesha peke yake kule juu Mudende. Ingekufa kule je?"

Mume wangu akanigeukia mimi.

"Lakini we, siku ile ulimuuliza nini hasa?"

"Nilimuuliza kama amemwaga oili."

"Na yeye?"

"Akasema amemwaga."

"Na kweli alimwaga," mume wangu akasema. "Dumu si lilikuwa langoni?"

"Alimwaga ndiyo, lakini hakutia mpya!"

"Ulimuuliza kama alitia?"

"Si ndiyo hilo nililomuuliza! Umemwaga oili, maana yake..."

Wote wananitazama. Mume wangu ametoa macho. "Kumwaga," akasema taratibu, "ni kumwaga. Ni kutupa nje."

"Kwetu Karagwe," nikasema, na nilikuwa nasikia maneno yangu mwenyewe kana kwamba mara ya kwanza, "ukisema umemwaga oili, umemaliza. Umetoa ya zamani, umetia mpya, umefunga, umenawa. Gari linatembea. Fundi anakuuliza, mama, tumwage oili? Hawezi kukumwagia akakuacha mkavu!"

Halafu wifi akashika mdomo. "Yebabawe," akasema. "Donc ulimuuliza kama aliitupa, akakujibu aliitupa, na we ukamubariki!"

Akaanza kucheka. Wifi yangu huyo ambaye hacheki mpaka apate kibali, akacheka mpaka akaegemea mwavuli, machozi yanamtoka. Mume wangu akafuata. Mimi nikacheka kwa wepesi nilioupata. Kumbe ni neno! Mzee ni mzima! Kumbe alikuwa anangoja nirudi tutie pamoja, nami nikamuuliza kiajabu ajabu, akanijibu ukweli mtupu! Nikapiga magoti, nikamwomba baba radhi kwa Kiswahili changu cha Karagwe. Naye akacheka, mabega yakatikisika, akapigapiga mfuko wa shati.

"Mumuachie fungulo yake," wifi akasema huku anajifuta. "Mugonjwa hapa ni lugha."

Jirani akaingia kuuliza kulikoni, akaelezwa, akacheka naye, akakimbia kumwita mkewe. Nikaona niwaache waendelee. Nikatoka kwenda kupima oili, siku zile nilikuwa nimeshikwa na wasiwasi wa kuipima kila nikipita. Nilikuwa nafuta kijiti niliposikia viatu vya baba kwenye mawe.

"Mukazana."

"Abee, baba."

Akasimama kando yangu, akaiangalia injini, sio mimi.

"Toka ulifika ku nyumba hii unasema kumwaga oili. Kila vidange unaniuliza vile vile. Mi nilikuzoea zamani. Siku ile nilisikia muzuri, nilijua unauliza nini."

Sikuelewa. Kwa kweli sikuelewa, nikadhani ni Kiswahili kimenipita tena. Nikamwomba arudie. Akarudia yaleyale, polepole, kwa upole wa mtu anayemfundisha mwingine kufunga chujio.

"Sasa kwa nini ukasema yote?"

"Sababu niliona nilitia." Akanyoosha mikono yake miwili mbele, akaigeuza, akaitazama. "Mikono hii inakumbuka ilitia. Mpaka saa hii inakumbuka. Nikifunga macho naiona oili inaingia, naisikia na sauti. Ni ya vidange ya zamani, sijui ni gani. Nyingi sana, zimechanganyika."

Nikataka kubisha. Nilikuwa na maneno mengi dakika chache tu zilizopita, nilikuwa wakili mzima sebuleni mule. Mtu anayejua namna hiyo kwamba amesahau, je, huyo amesahau kweli? Nilimtazama nikiwa sijui namwona yupi, yule mzima au yule mwingine, na wote wawili walikuwa na kofia moja.

Akautoa ufunguo mfukoni. Akaniwekea kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Kule ndani usiseme kintu," akasema. "Hadithi yako iko muzuri. Baache bacheke."

Akageuka, akarudi ndani, anakanyaga yale mawe kwa uangalifu. Nikabaki na injini imefunguliwa, kijiti mkono huu, ufunguo mkono huu, nimesahau nilikuwa nimesoma oili iko wapi. Mara wifi akaniita kwa sauti kutoka sebuleni: mke wa jirani amefika, hajasikia, nije nimweleze mwenyewe kwa Kiswahili changu, nilimuulizaje papa. Nikaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge. Nikaingia, nikasimama mbele yao, nikasema, "Baba, umemwaga oili?" Wakaangua kicheko upya. Na baba, kwenye kiti chake, akanijibu kwa sauti wote wasikie, "Yote, mukazana."